Mimba imenigeuza ngozi mwili mzima, lipi la kawaida na lipi la kukimbilia hospitali?

bint_tudor

Assalam alaykum na hamjambo nyote. Naomba msaada wenu wamama wa hapa manake nyumbani kila mtu ana lake na mi nishachoka kusikiliza. Hii ndo mimba yangu ya kwanza, nimeingia wiki ya 28, niko hapa hapa Mombasa. Kutapika nilijua, kuchoka nilijua, mgongo nilijua, hayo watu husema. Lakini haya ya ngozi wallahi hakuna alonambia.

Imeanza usoni. Mabaka ya kahawia mashavu yote mawili, kwenye paji la uso na hapa juu ya mdomo, nikitoka juani ndo yanazidi. Alafu shingo ikawa nyeusi, makwapa nayo, na mstari mweusi umetoka kitovuni ukashuka mpaka chini. Chuchu zimekua kubwa, zimeiva rangi na zina vipele vidogo vidogo pembeni. Miguu imefura viatu vyote vya kufunga havinitoshi saa hii navaa champali za mume wangu. Pua naiona imepanuka, na nikipiga mswaki fizi zatoka damu. Na usiku viganja na nyayo zaniwasha mpaka silali, vipele sina, nafikiri ni hili joto tu.

Sasa shida yenyewe, mwezi ujao kuna harusi ya wifi yangu na mawifi wameniletea krimu kutoka duka moja la vipodozi mjini, kopo limebandikwa karatasi halina maandishi ya maana, wasema napaka wiki mbili tu uso warudi. Mamangu yeye asema nisugue ndimu na manjano. Mama mkwe asema niache, hayo mabaka na huo mstari ni dalili ya mtoto wa kiume. Mume wangu asema niko sawa hivi hivi, Mungu amuweke.

Nipake nisipake? Na haya yote ni ya kawaida kweli? Yaliwapata na nyinyi?

ummu_watatu

Waalaykum salaam mamii, hongera na Mungu akujalie ujifungue salama. Mi nna watatu na kila mimba ilikuja na yake, kwa hivyo mengi ulosema nayajua kwa mwili wangu.

Huo mstari wala usikushughulishe. Uko hapo tangu kuzaliwa kwako ila haukua na rangi, mimba ndo huutia rangi kwa sababu ya homoni, na sisi wenye ngozi nyeusi huonekana zaidi. Hauna habari na mtoto ni wa kike au wa kiume. Mimi wa kwanza ulikua mweusi na umenyooka mpaka juu ya kitovu, watu wakaanza kunitajia majina ya babu zake, nikazaa msichana mzuri mashallah. Huondoka pole pole baada ya kuzaa, miezi kadhaa.

Vile vipele vya chuchu ni tezi zatoa mafuta ya kulainisha ngozi kujitayarisha kwa kunyonyesha, usivikamue na usivisugue sabuni sana. Pua pia ni kweli, hujioni vibaya. Damu mwilini huongezeka karibu nusu ya ile ulokua nayo kwa hivyo kila mahali penye mishipa midogo pafura, pua ndani yaziba, wengine hutoka damu puani, wengine huanza kukoroma na hawajawahi kukoroma maishani. Fizi ni hivyo hivyo. Tafuta mswaki laini usiache kupiga mswaki eti kwa sababu zatoka damu, ukiacha ndo huzidi, na daktari wa meno waruhusiwa kumuona ukiwa na mimba, watu wengi hudhani haifai.

Miguu nayo ntakwambia ukweli, yangu haikurudi. Nilikua navaa 38 tangu mimba ya pili navaa 39 mpaka leo. Kano za mguu hulegea na uzito nao waja juu, wayo wabonyea ukawa mrefu na mpana. Usinunue viatu vingi sasa ngoja uzae kwanza ndo ujue umebaki saizi gani.

Hujataja michirizi, ikija pia usilie. Mafuta ya nazi paka kwa sababu ngozi ikivutika hukauka na kuwasha, lakini asikudanganye mtu kuna mafuta ya kuizuia, ukimuangalia mamako na dada zako utajua yako itakuaje. Ile mipya huwa nyekundu au zambarau baadaye yafifia yabaki ya rangi ya fedha.

Na kingine hakuna alonambia mimi, nywele. Saa hii utaziona zimejaa, zimeshiba, kwa sababu hazidondoki. Baada ya kuzaa kama mwezi wa tatu hivi zitaanza kutoka kwa mafungu, kitana kinajaa, mto unajaa. Mi nilidhani nimerogwa. Zarudi zenyewe, kufika mwaka mtoto anatembea na nywele nazo zishakaa sawa.

Hiyo krimu waachie wenye kujua zaidi lakini mimi roho yangu haitaki.

mama_bombolulu

Dada usipake hiyo krimu. Nimeona kopo halina maandishi nikashtuka. Tafadhali usipake hata kidogo hata nyuma ya sikio kujaribu.

Haya makopo ya kukorogwa huwa na vitu vitatu na mara nyingi vyote pamoja. Zebaki, haidrokwinoni ambayo ni dawa ya kuchubua rangi ya ngozi, na steroidi kali, zile dawa za kutuliza ngozi ilofura. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaingia kwenye damu, yaharibu figo za mama na yavuka kwenye kondo la nyuma yakamfikia mtoto ambaye ubongo wake ndo kwanza unajengwa. Na haiishii kwako tu, ukipaka ukalala na mto mmoja na mumeo au taulo moja au baadaye ukambeba mtoto shavu kwa shavu nao waipata. Haidrokwinoni nayo, ngozi huinywa nyingi kuliko dawa nyingi za kupaka, karibu theluthi ama zaidi ya ile ulopaka yaingia mwilini, ndo maana madaktari wasema ukiwa na mimba kaa mbali. Steroidi kali zikipakwa nyingi kwa muda mrefu zahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na wewe mwenyewe ngozi yawa nyembamba, mishipa yaonekana, chunusi zatoka, ukiacha mabaka yarudi meusi kuliko mwanzo. KEBS, shirika la viwango la Kenya, walipiga marufuku sabuni na krimu za zebaki na haidrokwinoni zamani lakini mtu akikoroga nyuma ya duka na kubandika karatasi nani atamshika.

Nasema kwa uchungu kwa sababu jirani yangu alipaka mimba nzima, alikua mrembo hana kasoro ila yale mabaka tu, watu walimsema sana ndo akapaka. Leo uso wake hauwezi kukaa jikoni dakika kumi, moto ukimpiga walia machozi. Na waliomletea kopo walikua wampenda, hawakua na nia mbaya. Mawifi zako pia nahisi ni mapenzi, waeleze kwa upole waelewe.

baba_mtarajiwa_changamwe

Naingilia kama mwanamume mniwie radhi. Mke wangu ana miezi mitano ngozi yake haina shida lakini ameanza kula udongo, zile odowa za sokoni, kila jioni lazima nimletee na nikikataa yuanuna. Ni ya kawaida pia ama nimkataze? Na amekua mweupe ndani ya macho na kwenye midomo, hiyo pia ni mimba?

ummu_watatu

Baba usimkataze kwa ukali, hamu yake ni kubwa kuliko anavyoweza kueleza. Lakini mpeleke kliniki wampime damu wiki hii hii. Hamu ya udongo mara nyingi yaenda pamoja na kupungukiwa na damu, na huo weupe wa macho na midomo ndo dalili yenyewe. Udongo nao huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na waweza kuwa na minyoo na hata madini ya risasi yenye sumu. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki hupewa, muulize kama avimeza kweli ama avitia kwenye droo kwa sababu vyamchafua tumbo. Asimeze na chai, ameze na maji ya chungwa ama ndimu.

nesi_wa_likoni

Salaam kwenu nyote. Nafanya kazi wodi ya wazazi na mengi mlosema hapo juu ni sawa kabisa, mama wa Bombolulu Mungu akulipe kwa ulivyoeleza kuhusu krimu.

Lakini bint_tudor, kuna sentensi moja umeiweka katikati ya mengine kama kitu kidogo na watu wameiruka, na mimi ndo ilonifanya niandike. Umesema usiku viganja na nyayo zakuwasha mpaka hulali na huna vipele. Hilo dadangu usiliweke kwa joto. Harara ya joto huwa na vipele na hukaa shingoni, mgongoni, chini ya matiti, mahali jasho linakusanyika. Muwasho wa viganja na nyayo, usio na vipele, unaozidi usiku, ukiwa umeingia miezi mitatu ya mwisho, huo lazima upimwe ini.

Kuna hali ya mimba ambayo homoni zafanya nyongo isitoke vizuri kwenye ini, ikarudi kwenye damu na kukusanyika, na ndo huo muwasho. Madaktari waiita kolestasisi ya mimba. Mama mwenyewe haimuui, yamtesa tu usiku. Anayeweza kuumia ni mtoto, asidi za nyongo zikipanda sana mtoto anaweza kufia tumboni bila onyo lolote, na zaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Si wote wenye muwasho wanayo, wengi hawana, ngozi ya mimba huwasha kwa sababu nyingi. Lakini huwezi kujua kwa kuangalia, ni kwa damu tu.

Kwa hivyo kesho, si wiki ijayo siku ya kliniki yako, kesho asubuhi nenda useme maneno haya haya, viganja na nyayo zaniwasha usiku sina vipele naomba nipimwe ini na asidi za nyongo. Kipimo cha ini cha kawaida hospitali nyingi wanacho. Cha asidi za nyongo si kila mahali, huenda damu ikapelekwa maabara nyengine na majibu yakachukua siku, uliza mapema na uliza bei. Angalia pia mkojo kama umekua mweusi kama chai ya rangi na choo kama kimepauka, na ndani ya macho kama kuna umanjano. Ukikuta hivyo usingoje hata kesho. Na ukiambiwa ni mimba tu nenda upake losheni, rudia tena kuomba kipimo, kwa adabu lakini usitoke bila kupimwa.

Wenye vipele vya kuwasha tumboni mwishoni mwa mimba, vile vyaanzia juu ya michirizi na kuzunguka lakini kitovu chenyewe havikigusi, hivyo ni vyengine, vyasumbua sana hasa mimba ya kwanza lakini mtoto hana neno. Tofauti ni hiyo, pale kuna vipele, hapa hakuna.

Sasa miguu. Kufura miguu jioni baada ya kusimama kivukoni ama jikoni ni kawaida, inua miguu, lala ubavu, asubuhi yapungua. Ambayo si kawaida ni uso na mikono kufura ghafla, pete haitoki, pamoja na kichwa kuuma sana ama macho kuona vimulimuli ama maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Hiyo ni presha ya mimba, baada ya wiki 20 yaweza kuanza wakati wowote hata kwa msichana asowahi kuwa na presha, 140 kwa 90 kwenda juu kwetu ni kengele. Mguu mmoja pekee ukifura na kigimbi kuuma, huo pia ni wa kukimbilia, yaweza kuwa damu imeganda.

Shingo na makwapa kuiva rangi mara nyingi ni mimba. Ila ukishika ukaona ngozi imekua nene, laini kama mahameli, hiyo huenda na sukari. Kipimo cha sukari ya mimba hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, wewe uko ukingoni, wakati wachukua damu ya ini waambie wakufanyie na hicho. Waenda hujala, wanywa maji ya glukosi, wapimwa tena baada ya muda.

Mabaka ya usoni ndo nimeyaacha mwisho kwa sababu hayana hatari hata kama ndo yakuumizayo zaidi, na naelewa yaumiza. Jua ndo adui yake na jua la Mombasa halina msimu. Nunua losheni ya kukinga jua kwa kemisti inayoeleweka, namba 30 kwenda juu, yenye zinki oksaidi, na kama utapata ile yenye rangi ya kahawia ndani yake ni bora zaidi kwa sisi weusi, hiyo rangi yazuia hata mwanga wa kawaida ambao nao huchochea mabaka, na haikuachi uso mweupe kama umepaka unga. Paka asubuhi, rudia kila masaa mawili ukiwa nje, vaa kofia pana ama shika mwavuli, buibui lafunika mwili lakini uso uko nje. Dawa ya kutibu yenyewe ngoja uzae na mara nyingi hutaihitaji, yafifia.

Ndimu usisugue, na mamako namheshimu sana. Ndimu ngozini alafu ukatoka juani yaunguza, malengelenge halisi, na ikipona yaacha doa jeusi la miezi.

bi_mkubwa_wa_kuze

Wanangu salaam aleikum. Mjukuu wangu ndo aniandikia haya. Msikilizeni huyo nesi, zamani kulikua na wamama wakiwashwa mikono usiku, twawapaka mafuta ya nyonyo tukisema ni damu chafu, na wengine watoto wao hawakulia. Hatukujua ni nini. Sasa kuna kipimo, mtu aende.

Ama kuhusu harusi mwanangu mrembo hutokosa kupendeza. Saga liwa, ule mti wa kunukia, kidogo kwenye msio, jiwe la kusagia, kwa maji ya marashi, paka jioni ukiwa ndani, osha, ni ya ubaridi tu na harufu nzuri, haichubui. Ikikuwasha acha. Singo ya kusugua mwili mzima ngoja arubaini yako utafanyiwa. Hina tia, hina ya majani tulokoroga wenyewe, miguuni na mikononi. Piko usitie kabisa. Piko la siku hizi ni rangi ya nywele ya unga, nimeona mabibi harusi mikono yatoka malengelenge ya umbo la ua lile lile alochorwa. Na mtoto akizaliwa msimtie hina wala nyayoni wala popote, kuna watoto wa pwani hii damu yao haiwezani nayo, yavunjika wakawa manjano.

Na mama mkwe wako akisema mwanamume mwambie amina, akisema mwanamke mwambie amina.

mama_bombolulu

Amina bibi. Nakubali yote. Niongeze tu kwa bint_tudor, make-up ya harusini ruhusa, foundesheni na konsila hazina neno, cha kuepuka ni krimu za usiku zenye retinoli ama tretinoini za kuondoa chunusi na makunyanzi, hizo pia weka kando mpaka uzae. Soma kopo kabla ya kununua, kama halina orodha ya vilivyomo rudisha.

bint_tudor

Nimerudi kuwaambia. Nilisoma ujumbe wa nesi usiku ule sikulala tena, asubuhi tukatoka na mume wangu. Kituo tulichoanzia walinambia ni joto, wakanipa losheni ya pinki. Nilitaka kuondoka lakini nikakumbuka maneno, nikaomba tena, wakasema hawana kipimo niende hospitali kubwa. Huko daktari mwanamke akanisikiliza vizuri, akanitazama macho, akanitoa damu hapo hapo na ya asidi za nyongo ikapelekwa maabara ya nje.

Majibu yametoka. Presha 118 kwa 76 hamna protini kwenye mkojo. Sukari iko sawa alhamdulillah. Ini ndo limepanda kidogo na asidi za nyongo ni 27, asema ni hiyo hiyo kolestasisi lakini ya kiwango cha chini. Amenipa vidonge vya ursodioksikoli na krimu yenye mentoli ya kupoza ngozi, na amesema kipimo kitarudiwa. Krimu ya mawifi nimemuonesha akaitia kwenye mfuko akasema wasimpe mtu mwengine. Nimewaeleza, wifi bibi harusi mwenyewe alilia, alisema alikua ataka nipendeze kwa picha. Ameniletea losheni ya jua ya rangi kutoka kemisti, ile nesi alosema.

Sasa sista nna maswali. Hiyo 27 ni mbaya kiasi gani? Vidonge vitashusha? Nitazalishwa mapema? Na mimba nyengine itarudi? Nilikua nataka kumuuliza daktari lakini foleni ilikua ndefu na nilikua nimeshtuka nikasahau yote.

nesi_wa_likoni

Alhamdulillah umeenda. Nakujibu moja moja.

27 iko kwenye kundi la chini. Kuanzia 19 mpaka 39 ndo tunaita nyepesi, na kwa kiwango hicho hatari ya mtoto haijapishana na ya mimba nyengine zozote. Kuna utafiti mkubwa ulotoka 2019 walikusanya wanawake wengi wa nchi nyingi wenye hali hii, walo chini ya 40 walopoteza mtoto walikua karibu mmoja kwa kila mia nane, walofika 100 kwenda juu ndo ikawa zaidi ya watatu kwa kila mia. Kwa hivyo kinachotutisha ni 100, wewe uko mbali nayo, lakini hupanda na ndo maana ya kurudia kipimo. Usiukose hata ukijisikia vizuri, muwasho waweza kupungua na kiwango kimepanda.

Vidonge vitakupunguzia muwasho kidogo, kwa wengine hata hivyo havisaidii. Vilichunguzwa vizuri Uingereza na havikuonesha kumkinga mtoto, kwa hivyo meza kama alivyosema daktari lakini usivitegemee ukaacha vipimo. Usiku lala na shiti nyepesi ya pamba, oga maji baridi kabla ya kulala, kata kucha usijichane, tia viganja kwenye beseni la maji.

Kuzalishwa kwategemea namba. Ukibaki chini ya 40 na huna shida nyengine mara nyingi wangoja mpaka wiki ya 39 au 40. Ikiwa kati ya 40 na 99 waongelea wiki ya 38 au 39. Ikifika 100 ni wiki ya 35 au 36. Muulize daktari wako wazi, nikifika namba kadhaa mpango wetu ni upi, na aandike kwenye kitabu chako cha kliniki ili ukianza uchungu usiku na ukapokewa na mtu asokujua ayaone pale pale. Zalia hospitali, nyumbani kwa mkunga hapana kwa mimba hii.

Ukizaa muwasho waondoka ndani ya siku chache mara nyingi, na ini wakupime tena baada ya mwezi kuhakikisha limerudi. Mimba nyengine ndio, yarudi kwa wengi, kwa hivyo siku ya kwanza kliniki useme. Na ukienda kupanga uzazi mwambie anayekuhudumia ulikua nayo kabla hajakupa vidonge vyenye homoni ya estrojeni, kwa wengine huamsha muwasho tena, na hivyo hivyo huweza kurudisha mabaka ya usoni. Kuna njia nyengine nyingi hazina estrojeni utachaguliwa. Dada zako wa tumbo moja pia waambie, hukaa kwenye familia.

Kubwa zaidi ni mtoto kucheza. Wiki hizi ushaijua tabia yake, saa gani acheza na vipi. Hakuna namba moja ya wote, ni kawaida yake yeye. Siku ukihisi ametulia kuliko kawaida usinywe soda ukangoja, usingoje mume arudi kazini, usiniandikie mimi hapa. Panda tuktuk uende, hata ikiwa ni saa tisa usiku.

bint_tudor

Nimeandika yote kwenye karatasi nimelibandika mlangoni. Acheza saa hii naandika. Kipimo cha pili ni wiki ijayo, ntawaletea namba.